Uzi wa kadi za maua za mkono: kuchonga muhuri, kugonga na kuembosi kwa poda (Mbeya, Iringa, Njombe karibuni)

MLETA UZI (Mbeya)

Wakuu habari za muda huu, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu.

Naomba tuongelee kadi. Kadi za kutengeneza mwenyewe mezani, zenye maua, unagonga ua kwa muhuri alafu unalinyanyua kwa poda na moto mpaka ukipitisha kidole unalisikia. Ndo kuembosi kwenyewe. Kwenye magrupu naona watu wanaulizia vifaa tu, wanataka listi ya vitu vya kuagiza, wakati mi naamini kabisa mtu wa huku kwetu anaweza akaanza na vitu vya stesheneri na vya duka la dawa, akaagiza poda peke yake, na lile ua lenyewe anakuwa nalo tayari mlangoni kwake. Kadi nyingi ninazoziona madukani kuanzia Mwanjelwa mpaka Miyomboni ni waridi jekundu na utepe, ikifika mwezi wa 12 zinakuja zenye theluji. Na sisi tumekaa jirani na Kitulo jamani! Ile hifadhi imekuwa hifadhi ya taifa 2005, na inajulikana kama ya kwanza kwenye ukanda wa tropiki wa Afrika kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua, ndo maana watu wanaiita Bustani ya Mungu, kuna aina kama 350 za mimea na okidi peke yake ni aina 45 hivi. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuyaona kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 4 alafu sisi kadi ya kumpelekea mama tunaweka waridi la kopi.

Basi naeleza ninavyofanya mimi, wenye uzoefu mtaongezea.

Anza na ua la pareto. Wa Makete, Mufindi na Mbeya vijijini mnalijua, lile jeupe lenye kitovu cha njano linalopelekwa kiwandani Mafinga. Nalipendekeza kwa sababu petali zake zimenyooka na kitovu ni duara, mkono usiozoea kuchonga unaliweza. Chukua raba ya kufutia, ile nyeupe kubwa laini sio ile ngumu ya nyuma ya penseli, chora ua kwenye karatasi kwa penseli laini ya 2B, geuza karatasi ifunike raba alafu sugua mgongo wa karatasi kwa ukucha. Mchoro unahamia kwenye raba ukiwa umegeuka, na ukija kugonga unarudi sawa. Kwa ua halina shida sana lakini kama unataka kuandika Hongera au Pole lazima upitie njia hii, la sivyo herufi zinatoka kinyume. Alafu unachonga kwa bladi ya duka la dawa au kisu kidogo cha kukatia karatasi. Unaondoa yale yanayotakiwa kubaki meupe, unaacha yale yatakayobeba wino. Bladi iielekeze nje ya mstari, yaani ukuta wa petali uwe na mteremko mpana chini, ukichimba kwa ndani petali inakosa mguu na ikigongwa inalala.

Karatasi. Manila nyeupe au ya rangi, gramu 200 mpaka 300. Ukipata manila kubwa ya saizi A1 inakupa A4 nane, kila A4 ukiikata katikati unapata vipande viwili vya A5, na kila A5 ukiikunja inakuwa kadi ya A6 (milimita 105 kwa 148) ambayo inaingia kwenye bahasha ya C6 bila kulazimisha. Kwaiyo manila moja kadi 16. Kabla ya kukunja piga mstari kwanza kwa rula na kalamu ya bic iliyoisha wino, bonyeza vizuri, ndo ukunje, usipofanya hivyo manila inapasuka pasuka kwenye mkunjo na kadi inaonekana kuukuu kabla haijatoka nyumbani. Na karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, ikunje kidogo bila kuivunja huku na huku, upande unaokubali kirahisi ndo ufuate.

Nikirudi ntaelezea wino na moto maana hapo ndo kwenye kazi.

MDAU (Makambako)

Asante kwa uzi mkuu, nimekaa mkao wa kusoma. Mi nilinunua wino wa muhuri wa kawaida na poda niliagiziwa na mtu toka Dar ila poda haishiki, inashika nusu ua nusu inadondoka yote. Na moto natumia drai ya nywele. Shida ni poda au?

MLETA UZI (Mbeya)

Dada wa Makambako poda yako nadhani ni nzima kabisa, tatizo ni viwili, wino na drai.

Poda ya embosi ni chenga za plastiki laini sana, zinashika pale tu penye unyevu. Wino wa kawaida wa kugongea unazama kwenye karatasi haraka, ukiinua muhuri ukaanza kutafuta kopo la poda ushachelewa. Ndo maana wenzetu wana wino maalum wa embosi ambao hauna rangi na unachelewa sana kukauka. Huo ukiupata sawa, ila huku kwetu kuna glisirini, na hakuna nyumba ya Njombe au Makete isiyo na glisirini mwezi wa 6 na wa 7 kwa baridi ile. Chukua glisirini safi ya duka la dawa, weka matone machache kwenye kipande cha sponji laini jipya, ongeza maji kidogo sana na tone la rangi ya chakula ili uone ulipogonga. Gusa muhuri kwenye sponji kidogo tu, usiloweke. Gonga kwenye manila, inua moja kwa moja juu bila kutikisa. Hapo una muda wa kutosha wa kumwaga poda bila presha. Ila mafuta ya mgando usitumie, yanaacha doa la mafuta kwenye karatasi na halitoki.

Ukimwaga poda ifunike ua lote, inamisha kadi, gonga mgongo wake kwa kidole poda iliyozidi irudi kwenye karatasi safi uliyotandika chini, unairudisha kwenye kopo, hakuna kinachopotea. Chenga zilizobaki pembeni zifagie kwa brashi ndogo kavu ya rangi kabla ya moto. Baada ya moto hazitoki tena.

Sasa drai. Drai ya nywele ina upepo mwingi na joto dogo kwa kazi hii, kwaiyo inapeperusha poda kabla haijayeyuka. Hapa unataka joto kubwa na upepo mdogo. Mashine zenyewe za kazi hii zina wati kama 300 hivi. Kama huna, nenda kwa fundi simu, ile bloa anayotolea vifaa kwenye bodi inafaa sana kwa sababu joto na upepo vyote vinarekebishwa, mi naweka 200 hivi na upepo wa chini kabisa. Ya mafundi wa rangi na mabomba nayo inafaa ila ile ni kali mno, iweke kwenye namba ndogo na ukae mbali nayo, sentimita 15 au zaidi, la sivyo manila inakuwa kahawia.

Na kama una pasi ya umeme tu, isimamishe wima, kadi ibane kwa kibanio cha nguo cha mbao alafu upande wa nyuma wa kadi uguse uso wa pasi polepole, poda ikiwa upande wako. Joto linapita kwenye karatasi linaiyeyusha. Manila nzito inachukua muda zaidi, kuwa mvumilivu.

Utaona poda ina ukungu na chenga chenga, ghafla sehemu moja inaanza kung'aa na kulala, fuata hapo hapo usogee taratibu na mng'ao mpaka ua lote liive. Likishang'aa ondoa moto. Ukizidisha, plastiki inazama kwenye karatasi, ua linashuka na linakuwa na mafuta mafuta pembeni. Fungua dirisha, ile harufu sio nzuri kwa kifua, na watoto wakae mbali.

MDAU (Iringa mjini)

Kamwene. Naongezea hapo kwenye joto, zile kadi za harusi zenye maandishi ya dhahabu yaliyonyanyuka ambazo watu wanachapisha kwenye maprinta wengi wanadhani ni wino mzito, hapana, ni njia hii hii. Wino mbichi, poda, moto, ila wao inapita kwenye mashine yenye mkanda. Kwaiyo mtu akikuletea kadi ya duka kulinganisha na yako usiogope, kazi ni ile ile.

Pia kwa wa Iringa, pale Neema Crafts wanatengeneza karatasi kwa mkono, walianza 2003 na vijana viziwi, karatasi za kinyesi cha tembo, na kadi wanatengeneza. Nendeni muone jinsi karatasi yenyewe ilivyo na nyuzi nyuzi, inapendeza mno. Swali langu kwa mleta uzi, karatasi ya aina ile yenye mikwaruzo unaweza kuembosi juu yake?

MLETA UZI (Mbeya)

Kaka umeuliza swali zuri sana. Inawezekana ila muhuri wenye mistari myembamba hautoki, wino unagusa vilima tu mabonde yanabaki matupu. Kwa karatasi ya mkono tumia ua kubwa lenye maeneo mapana, au fanya ninavyopenda mimi, embosi ua kwenye kipande cha manila laini, likate pembeni yake ukiacha ukingo mwembamba, alafu libandike juu ya karatasi ya mkono. Hapo unapata vyote viwili, ua kali lililonyooka na chini yake ule ukwaruzo wa nyuzi. Mkono wa mtengeneza karatasi unaheshimika na wako pia.

Na hapo hapo niseme kuhusu kaki. Wengi wanadharau karatasi ya kaki wanaona ni ya mifuko ya saruji, na mkumbuke kaki inatengenezwa hapa hapa kwetu, Mgololo Mufindi. Ukiigonga pareto juu ya kaki kwa glisirini, ukaweka poda nyeupe, ukachoma, lile ua linatoka jeupe linang'aa juu ya kahawia na kitovu unakigusa rangi ya njano kwa brashi. Mi sijaona kadi ya duka inayoifikia. Kaki ni nyepesi, kwaiyo bandika juu ya manila isijikunje.

MDAU (Tukuyu)

Ugonile mkuu. Huku mvua ndo hivyo haikatiki, poda inanishika kadi nzima, hata sehemu ambazo muhuri haujagusa, nikichoma kadi inakuwa na vipele vipele vya dhahabu kila mahali. Nifanyeje maana nina oda ya kadi za kipaimara

MLETA UZI (Mbeya)

Pole sana, Rungwe ndo penyewe kwa unyevu. Manila inakunywa unyevu wa hewani, na vidole navyo vinaacha jasho na mafuta ukiishika, poda inashika vyote hivyo. Kabla ya kugonga pangusa uso wa kadi kwa poda ya mtoto kidogo sana kwenye pamba au soksi safi, alafu kung'uta. Hiyo inakausha uso. Gonga, mwaga poda, fagia, choma. Baada ya hapo unafuta ile poda ya mtoto kwa kitambaa kikavu. Inasaidia pia kipindi cha kiangazi upepo mkavu, ambapo karatasi inavuta chenga kwa umeme wa msuguano.

Manila usiiweke sakafuni wala usiiegemeze ukutani, ifunge kwenye nailoni uiweke juu ya kabati, na kwa Tukuyu ipitishie pasi ya uvuguvugu kabla ya kazi, itakunyookea. Kadi ishike pembeni kila wakati. Kwa kipaimara fikiria ua la chai, mashamba si yamekuzunguka, jeupe lenye nyuzi nyingi za njano katikati, poda ya dhahabu kwenye zile nyuzi tu. Wazazi wataipenda.

MDAU (Mbeya, nachonga mihuri)

Mimi nachonga mihuri ya ofisi hapa mjini, nimefurahi kuona uzi huu. Mkitaka muhuri wa ua wenye mistari mizuri zaidi ya raba, leteni mchoro tunawatengenezea wa raba au wa polima, ila mchoro uwe mweusi tii juu ya nyeupe, usiwe na kivuli cha penseli wala picha ya simu ya rangi. Na mistari msiifanye kama unywele, inakatika. Na ukishatumia safisha na maji na sabuni kidogo, usiguse petroli wala thina hasa kwa ile ya polima, na isiachwe juani inakuwa ya njano na kukakamaa.

MLETA UZI (Mbeya)

Asante mkuu, hili ni la thamani sana. Wadau mmesikia, mchonga mihuri wa mtaani kwenu ni mtu wa kumtafuta, wengi tunamjua kwa mihuri ya VEO na ya shule tu.

Sasa naongezea mbinu mbili za kugonga kabla sijasahau maana watu wanakimbilia moto wakati kugonga kwenyewe kuna utamu wake.

Ya kwanza ni kugonga mara mbili kwa wino mmoja. Weka wino wa rangi, gonga kwenye karatasi chakavu kwanza, alafu bila kuongeza wino gonga kwenye kadi. Inatoka hafifu. Ongeza wino, gonga ua jingine pembeni bila kupitia chakavu, linatoka limekolea. Tayari una maua ya mbele na ya nyuma kwa wino mmoja, kadi inakuwa na kina.

Ya pili ni kufunika. Gonga ua la mbele kwenye kadi, gonga tena lile lile kwenye karatasi nyembamba na ulikate kufuata umbo lake. Kile kipande kiweke juu ya ua la kwenye kadi kikae sawasawa, alafu gonga ua la pili likipanda nusu juu yake. Ukiondoa kipande, la pili linaonekana limejificha nyuma ya la kwanza. Kwa mtindo huu muhuri mmoja wa pareto unakupa shada zima. Na majani gonga mwisho, nayo yakipita nyuma.

MDAU (Njombe)

Na kuembosi bila poda je? Mi nimeona kadi zina ua limenyanyuka halina rangi wala mng'ao, ni karatasi yenyewe tu imevimba. Sina bloa na umeme wetu huku unajua wenyewe.

MLETA UZI (Mbeya)

Hiyo ni embosi kavu, na mi binafsi kwa kadi za pole naipenda kuliko ya poda, kadi ya msiba haihitaji kung'aa.

Haitaki umeme. Tafuta filamu ya x-ray iliyokwisha kazi au kava gumu la plastiki la faili, chora ua, kata petali moja moja kwa bladi ukiacha daraja kati ya petali na petali ili lisidondoke lote. Libandike kwenye kioo cha dirisha mchana kwa selotepu, weka kadi juu yake uso ukiwa umeangalia kioo, mwanga unakuonyesha umbo kupitia karatasi. Sasa kwa ile bic iliyoisha wino pita ukingoni mwa umbo taratibu, rudia mara kadhaa ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Usisugue katikati ya petali, ukingo ndo unaonyanyua ua. Sugua mshumaa kidogo mgongoni mwa karatasi kalamu iteleze isichane. Manila ya gramu 160 mpaka 200 inatosha, nzito zaidi inagoma na mwanga haupiti.

Kama unataka kuchanganya kwenye kadi moja, gonga muhuri wa rangi kwanza, uache ukauke, fuata embosi kavu, poda na moto viwe mwisho. Ukitanguliza poda alafu ukaja kubonyeza, ile plastiki inapasuka.

MDAU (Mbalizi)

Hayo maua ya Kitulo tunaruhusiwa kuchuma tukayakaushe tubandike? Nauliza kwa nia njema

MLETA UZI (Mbeya)

Hapana ndugu, ile ni hifadhi ya taifa, hata jani moja haliruhusiwi kutoka, na okidi zile zishapata tabu ya kutosha, watu wamechimba viazi vyake kwa muda mrefu kupeleka Zambia kwenye kile chakula wanachoita chikanda. Piga picha, chora, chonga. Muhuri mmoja unagonga kadi mia na ua limebaki palepale Matamba juu. Lile la rangi ya chungwa linalosimama wima, wataalamu wanaliita Kniphofia, ni rahisi kuchonga kuliko okidi, ni vijipaipu vinavyoning'inia kuzunguka fimbo moja, chonga kipaipu kimoja tu kwenye raba ndogo alafu gonga ukizunguka, chini wino wa njano, juu nyekundu. Okidi waachie wachonga mihuri, ile midomo yake ni midogo mno kwa bladi.

MDAU (Makambako)

Mkuu nimejaribu glisirini leo na pasi, poda imeshika ua zima!! Nimetumia poda nyeupe juu ya manila nyeusi. Sasa nimejaribu kupaka rangi ya maji juu yake rangi inateleza haikai kwenye ua, ni kawaida?

MLETA UZI (Mbeya)

Hongera sana dada, weka picha tuone! Na hiyo ni kawaida kabisa, plastiki haikubali maji, na ndo mbinu nyingine hiyo umeigusa. Rangi ya maji kwenye manila nyeusi haionekani vizuri, kwaiyo chukua manila nyeupe nzito ya gramu 300, embosi maua kwa poda nyeupe au ile isiyo na rangi, alafu paka rangi ya bluu au zambarau ya majimaji juu ya kadi yote bila kukwepa maua. Rangi inakimbia kwenye ua inakaa pembeni tu, futa ua kwa kitishu, linabaki jeupe katikati ya rangi. Ukitumia rangi ya chakula jua kwamba inapauka ikikaa sana kwenye mwanga, kwa kadi ya kuwekwa fremu tumia rangi za maji za wachoraji.

Acha ikauke usiku mzima chini ya vitabu vizito, weka karatasi safi juu yake, ndo uikunje kesho yake. Usiipitishie pasi tena, poda itayeyuka upya na kugandana na chochote kilichoigusa.